Sproketi, klachi na mchanganyiko wa mafuta: kutunza chenso katika vumbi la Dodoma

Chenso nyingi, yaani misumeno ya injini, zinazofikishwa kwa mafundi hapa Dodoma zikiwa zimenoki (injini imekwama) hazikuuawa na kazi. Mgunga ni mgumu, mkwaju mkavu ni mgumu zaidi, lakini mashine hizi ziliundwa kwa miti ya namna hiyo. Kinachoziua ni vitu viwili vya bei ndogo: petroli iliyochanganywa na oili kwa kukadiria kwa macho, na sproketi iliyolika, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, ambayo mwenye mashine anaiacha palepale huku akinunua cheni mpya kila baada ya muda mfupi. Pistoni na silinda vikishachanika, mtu anauza mbuzi ili arudi kazini. Oili sahihi na sproketi mpya havimfikishi huko.

Naandika kwa ajili ya mwenye mashine ya kazi, ya ukubwa wa Stihl MS 381 au Husqvarna 365, au zile za Kichina zilizoigwa kutokana nazo, anayekata kati ya Kongwa na Manyoni ambako vumbi linapiga zaidi ya nusu ya mwaka. Kwa mashine ndogo kanuni ni zilezile. Vipimo vya mashine yako viko kwenye kitabu chake, na vingine vimechapwa kwenye bapa lenyewe, yaani kile chuma kirefu ambacho cheni huzunguka juu yake.

Kabla ya kugusa chochote: zima mashine, iache ipoe, kisha chomoa kofia ya plagi. Vaa glavu hata kama cheni imesimama, maana jino kali halihitaji injini kukata kidole. Andaa spana ya mashine, brashi, kijiti chembamba cha mti, tupa bapa (ile pana, isiyo mviringo), grisi kidogo na kitambaa safi. Kwa upande wa mafuta, ongeza bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Kati ya vifaa vyote hivyo, hilo bomba ndilo litakalokuokolea fedha nyingi zaidi.

Mafuta

Injini ya chenso haina hodhi la oili chini kama pikipiki. Oili yote inayolainisha beringi za krankishafti, pistoni na ukuta wa silinda huingia pamoja na petroli, hufanya kazi yake mara moja, kisha huungua na kutokea kwenye ekzosi. Kwa hiyo hakuna kusema utaongeza oili jioni. Dakika chache za petroli tupu kwenye resi kubwa zinatosha kukwaruza pistoni, na mkwaruzo huo haufutiki.

Petroli nunua kwenye kituo chenye pampu. Watengenezaji wengi wanataka okteni, yaani kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo, isiyopungua 90. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara vijijini imekaa juani ndani ya plastiki, na huwezi kujua kama imeguswa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hushusha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo: injini inaanza kugonga, joto linapanda, na kwa injini inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika uharibifu hauchelewi. Kama eneo la kazi liko mbali na kituo, beba petroli yako mwenyewe kwenye galoni lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta.

Oili ndiyo inayowachanganya wengi. Kopo lenye picha ya pikipiki halithibitishi chochote, soma herufi. Unatafuta oili ya 2T, yaani ya injini za stroki mbili, yenye alama ya JASO FC au FD, au ISO-L-EGD, au angalau API TC. Ukiona TC-W3, hiyo ni oili ya injini za boti zinazopozwa kwa maji, ya aina unayoweza kuikuta kwa wavuvi wa bwawa la Mtera. Ni oili nzuri kwa kazi yake, ila chenso hupozwa kwa hewa na joto lake ni kubwa zaidi, kwa hiyo iache. Na oili ya gari au ya pikipiki ya stroki nne, ile SAE 40 au 20W-50, usiitie kwenye petroli kabisa. Haiungui vizuri; inaacha kaboni kwenye mlango wa ekzosi na kwenye mifereji ya ringi mpaka ringi zinaganda. Nalisisitiza hili kwa sababu bodaboda karibu zote siku hizi ni za stroki nne, hivyo duka la kijijini linaweza kuwa na rafu nzima ya oili na lisiwe na hata chupa moja ya 2T. Nunua mjini, weka akiba.

Sasa kipimo. Kwa kila lita moja ya petroli:

50:1 ni mililita 20 za oili (lita 5 zinataka mililita 100).
33:1 ni mililita 30 (lita 5 zinataka 150).
25:1 ni mililita 40 (lita 5 zinataka 200).

Utumie kipi? Vitabu vingi vya Stihl vinasema 50:1 ukitumia oili yao, na 25:1 ukitumia oili nyingine ya daraja la TC. Husqvarna wanasema 50:1 kwa oili yao na 33:1 kwa oili nyingine iliyotengenezwa kwa injini za stroki mbili zinazopozwa kwa hewa. Maana yake ni kwamba 50:1 inategemea ubora wa oili sawasawa na inavyotegemea mashine. Mtu anaponiambia, "Fundi, mimi natumia 50 kwa moja," swali langu la kwanza ni kopo gani. Kama oili ni ya kawaida na mashine ni ya kuiga, tumia 25:1 na ulale usingizi.

Lakini usivuke hapo kwa kudhani unailinda zaidi. Oili ikizidi sana, plagi inalowa, kaboni inajaa kwenye ekzosi, na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: kila tone la oili limechukua nafasi ya tone la petroli. Kabureta inapitisha kiasi kilekile cha majimaji, petroli ndani yake imepungua, na injini inachoma hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Moshi unaouona mwingi unakudanganya kwamba mashine imeshiba.

Kuchanganya:

1. Tumia galoni safi la lita 5, kavu ndani, lisilowahi kubeba maji wala dizeli.
2. Tia nusu ya petroli.
3. Pima oili kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa ya maji hakifai, kwa sababu hakuna anayekijaza sawasawa mara mbili mfululizo.
4. Funga, tikisa vizuri, malizia petroli iliyobaki, tikisa tena.
5. Funga kitambaa chekundu kwenye mpini wa galoni hilo, na usilitumie kwa kitu kingine maisha yake yote.

Hicho kitambaa kina sababu. Ajali ya kawaida ya porini ni galoni mbili zinazofanana, moja ya chenso na moja ya pikipiki, na kijana aliyetumwa "lete mafuta". Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe na usubiri kidogo, mbali na moto. Petroli tupu inapaa yote na karatasi inabaki karibu kama ilivyokuwa. Iliyochanganywa inaacha duara la mafuta lenye rangi ya oili, kwa kuwa oili nyingi za 2T zimetiwa rangi ya bluu, nyekundu au kijani kwa kusudi hilohilo.

Changanya kiasi cha wiki moja au mbili. Mwezi mmoja ndio mwisho, na kwa galoni linaloshinda juani Bahi au Chamwino mwezi wa 10 ningepunguza hata hapo. Sehemu nyepesi za petroli hupaa kwanza, na hizo ndizo zinazowasha injini. Tikisa galoni kila unapojaza tangi.

Wakati wa kujaza, laza mashine mfuniko ukiwa juu na ufute vumbi kuuzunguka kabla ya kuufungua. Punje ya mchanga inayoingia hapo inakwenda moja kwa moja kwenye chujio la ndani ya tangi. Acha injini ipoe kwanza, jaza mahali pasipo na nyasi kavu, kisha sogea angalau mita 3 kabla ya kuwasha. Nyasi za Agosti zinashika moto kwa cheche moja, na moto wa nyika hauna subira.

Njia ya nguvu: kutoka klachi hadi ncha ya bapa

Hapa ndipo fedha nyingi inapotea bila mwenyewe kujua. Krankishafti inazungusha klachi, ambayo ni viatu viwili au vitatu vilivyoshikwa na springi. Resi ikipanda viatu vinatanuka na kushika ngoma iliyovizunguka. Ngoma imebeba sproketi, sproketi inavuta cheni. Juu ya ngoma umepita mkanda wa breki, na kwenye mashine nyingi ngoma hiyohiyo ndiyo inayozungusha pampu ya oili ya cheni. Kitu kimoja kikilegea au kupata joto, vyote vinaumia.

Kufungua. Legeza breki kwanza, vuta mpini wa mbele kuja kwako. Fungua nati za bapa, toa kava la pembeni, toa cheni na bapa. Utakuta uji mweusi wa vumbi la mbao, mchanga na oili umejaa kila kona. Uondoe kwa kijiti na brashi. Usipige hewa ya kompresa ukiwa umefungua sehemu ya chujio la hewa, maana utaupeleka mchanga kwenye kabureta. Tafuta tundu dogo linalotoa oili kwenye mwili wa mashine, na tundu linalolingana nalo kwenye mzizi wa bapa. Yazibue yote mawili.

Kusoma sproketi. Kuna za aina mbili. Moja ni nyota iliyoshikana na ngoma. Nyingine ni pete inayovaa juu ya shina la ngoma na kubadilishwa peke yake. Tazama mahali ambapo vijino vya chini vya cheni vinakanyaga. Utaona vishimo vilivyochimbika. Vikifikia kina cha nusu milimita, sproketi imekwisha hata kama bado inazunguka. Kama huna kipimo, pitisha ukucha: ukizama na kukwama kwenye ukingo wa kishimo, badilisha.

Sababu ni hii. Cheni na sproketi zinatakiwa kuwa na hatua moja, yaani umbali uleule kutoka jino hadi jino. Sproketi ikilika, hatua yake hubadilika. Cheni mpya inayowekwa juu yake inagongwa na kuvutwa kwenye kila riveti, ikienda kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde, na ndani ya muda mfupi inarefuka ili ifanane na sproketi mbovu. Mteja anarudi analalamika: "Fundi, cheni za siku hizi ni feki." Feki zipo, sibishi. Ila mara nyingi ukifungua kava unakuta sproketi yenye mabonde, na cheni ya tatu juu yake. Utaratibu mzuri ni kununua sproketi moja pamoja na cheni mbili, uzibadilishane kila siku chache ili vyote vitatu vizeeke pamoja.

Ukienda dukani, jua hatua yako. Soma kwenye bapa: 3/8, .325 au .404. Kama maandishi yamefutika, pima kwa rula kutoka katikati ya riveti ya kwanza hadi katikati ya riveti ya tatu. Ukipata karibu milimita 16.5 ni .325, 19 ni 3/8, 20.5 ni .404. Pima pia unene wa vijino vya chini, ambao kwa kawaida ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6, na uhesabu idadi ya vijino hivyo. Cheni ya 1.3 kwenye mfereji wa 1.6 italala ubavu na kukata kwa kupinda.

Beringi ya ngoma. Kama klachi ya mashine yako iko ndani ya ngoma na sproketi iko nje, kuna klipu ndogo kwenye ncha ya shafti. Iondoe kwa bisibisi huku umeifunika kwa kidole gumba; ikiruka kwenye mchanga wa Itigi hutaiona tena. Toa washa, toa ngoma, na ndani utakuta beringi ya sindano kwenye kikombe chake. Hii ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote. Ioshe, itazame: ikiwa na rangi ya bluu au zambarau, imeungua. Sindano zikilegea au kikombe kikipasuka, badilisha. Ikiwa nzima, paka grisi kidogo sana, kiasi cha punje ya mtama. Grisi nyingi itarushwa kwenye viatu vya klachi na klachi itaanza kuteleza.

Wakati wa kurudisha, zungusha ngoma taratibu mpaka pengo lake liingie kwenye waya au jino la gia ya pampu ya oili. Ukilazimisha, unavunja gia, ambayo mara nyingi ni ya plastiki, na cheni itakwenda kavu bila wewe kujua. Ngoma ikishakaa, izungushe kwa mkono. Iende huru, isiyumbe.

Klachi. Tazama springi kama zimenyooka au kukatika, na viatu kama vimelika upande mmoja. Springi dhaifu hufanya cheni izunguke mashine ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kupigwa resi, jambo la hatari kwa miguu yako. Usikimbilie kubadilisha springi kabla hujapunguza sailensa. Huenda skrubu ya sailensa imepanda tu. Ikibidi kuitoa klachi, kumbuka kwamba karibu zote zina uzi wa kushoto: unafungua kwa kuelekea upande wa mishale ya saa. Ili injini isizunguke, toa plagi, peleka pistoni karibu na juu, kisha ingiza kamba laini kwenye tundu la plagi mpaka ijae. Hakikisha pistoni imeshapita mlango wa ekzosi, vinginevyo kamba itakatwa hapo na vipande vitabaki ndani. Usitumie bisibisi kuizuia pistoni. Aluminiamu inatoboka.

Breki. Kosa linaloharibu klachi kwa haraka ni kupiga resi breki ikiwa imefungwa. Viatu vinasuguana na ngoma iliyosimama, harufu ya kuungua inatoka, na joto linayeyusha gia ya pampu na mihuri ya mafuta. Ukisikia injini inalia na cheni haiendi, achia resi papo hapo. Mkanda wa breki ukiwa mwembamba au una ufa, usiendelee na kazi.

Oili ya cheni. Najua oili chafu iliyomwagwa gereji ndiyo inayotumika sehemu nyingi, kwa sababu ni ya bure. Naomba uiache. Ina unga wa chuma unaokula pampu na bapa, haina mnato wa kubaki kwenye cheni inayokwenda kasi, na inarushwa usoni na mikononi mwako kutwa nzima ikiwa na sumu ambazo zikizoeleka kwenye ngozi zinaweza kuleta saratani. Tumia oili ya cheni, au ukikosa, oili mpya ya injini ya SAE 30 au 40. Kwetu Singida na Dodoma watu wanauliza kuhusu mafuta ya alizeti. Yanalainisha, na mafuta ya mimea hutumika kutengenezea oili za cheni kwingineko. Tatizo la alizeti ni kwamba yakikaa yanageuka gundi. Ukiyatumia kwa dharura, usilaze mashine nayo: maliza siku kwa kupitisha oili ya kawaida mpaka pampu ijae.

Jaribio la pampu ni rahisi. Elekeza ncha ya bapa kwenye karatasi au kisiki cheupe, umbali wa kama sentimita 20, bila kugusa, piga resi kwa sekunde chache. Ukiona mstari wa matone, cheni inapata oili. Usipouona, rudi kwenye yale matundu mawili.

Bapa. Ligeuze juu chini kila unapobadilisha cheni. Kwangua mfereji kwa kipande chembamba cha bati, kuanzia mzizi kuelekea ncha. Kingo zikitoa makali ya kukwaruza, yaondoe kwa tupa bapa. Kisha simamisha rula ubavuni mwa bapa iguse pia meno ya cheni. Kukiwa na upenyo kati ya rula na bapa, vizuri. Rula ikigusa ubavu wa bapa kabisa bila upenyo, mfereji umepanuka na cheni inalala.

Kukaza cheni. Inua ncha ya bapa kwa mkono, kaza mpaka cheni iguse bapa kwa chini, kaza nati, kisha vuta cheni kwa mkono ukiwa na glavu. Ipite kwa ulaini na vijino vya chini visitoke kwenye mfereji. Cheni ya moto hurefuka, kwa hiyo utaikaza tena katikati ya kazi. Lakini jioni, kabla ya kuiweka, ilegeze. Cheni iliyokazwa ikiwa ya moto itajikunja usiku ikipoa na kuvuta krankishafti na beringi zake mpaka asubuhi. Kati ya tabia zote nilizotaja, hii ndiyo isiyogharimu hata senti na ndiyo inayofuatwa na wachache zaidi.

Kuhusu kunoa sitakaa sana. Cheni butu inatoa unga badala ya vipande, na mkataji anaanza kukandamiza, ndipo klachi inateleza na injini inachemka. Kwa 3/8 tumia tupa mviringo ya milimita 5.2 au 5.5 kama kitabu kinavyosema, kwa .325 tumia 4.8. Kabla ya kukata gogo kavu, bandua udongo wa mchwa kwa panga pale msumeno utakapoingilia. Udongo ule ni mchanga mtupu, na unaua makali ya asubuhi nzima kwa mkato mmoja.

Hewa na kabureta

Msimu wa upepo, safisha chujio la hewa kila siku, na mahali penye vumbi kali mara mbili. Funga choki kwanza ili uchafu usidondoke ndani. Lioshe kwa maji ya sabuni kama kitabu kinaruhusu, likauke kabisa. Chujio lililotoboka litupe. Mchanga ukipita hapo unasaga silinda kama msasa.

Dodoma mjini ni karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Mashine iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifika hapa inapata petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, inakuwa nzito. Hiyo inaudhi tu. Hatari iko upande wa pili. Mashine iliyorekebishwa hapa, ikishushwa kwenda kufanya kazi Morogoro au pwani, inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Inalia vizuri, ina nguvu, na inachoma pistoni. Ukishuka, fungua kidogo skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli ya resi kubwa, kabla ya kuanza kazi. Ikiwa kwenye resi kubwa bila mzigo, sauti yake iwe na mkwaruzo wa kukatika-katika, kisha itulie ukiingiza kwenye gogo. Sauti nyembamba na kali isiyo na mkatiko ni ya mashine yenye njaa.

Plagi inasema mengine. Rangi ya kahawia ni salama. Nyeusi yenye unyevu ni oili au petroli nyingi, au chujio la hewa lililoziba. Nyeupe ni joto; simama utafute sababu. Pengo lake kwa chenso nyingi ni milimita 0.5.

Dalili na mahali pa kuanzia

Inazima baada ya dakika kumi, na ukilegeza mfuniko wa tangi inawaka tena: tundu la kupitisha hewa kwenye tangi limeziba. Inawaka lakini inakufa ukipiga resi: chujio la ndani ya tangi. Livute kwa waya uliokunjwa ncha, libadilishe, kulipuliza hakusaidii. Cheni inatetemeka na kuruka: sproketi au beringi. Bapa linatoa moshi: oili haifiki. Kamba ya kuwashia imekuwa nyepesi kuliko zamani: mgandamizo umepungua. Fungua ekzosi, uchungulie pistoni kwa tochi. Ikiwa na michirizi ya wima, usiiwashe tena kabla ya kujua ilitokana na mafuta au hewa, la sivyo pistoni mpya itakwenda njia hiyohiyo.

Mvua zikianza

Kuanzia Desemba wengi wanarudi shambani na mashine inakaa mpaka Aprili au Mei. Mwaga mafuta yaliyobaki kwenye tangi, washa injini iyamalize yaliyo ndani ya kabureta mpaka izime yenyewe. Toa plagi, dondosha kijiko cha chai cha oili safi ya 2T kwenye silinda, vuta kamba taratibu mara mbili tatu, rudisha plagi. Toa cheni uiloweke kwenye oili. Paka oili bapa. Legeza breki, funika mashine kwa gunia, iweke juu, mbali na jiko na mbali na mbolea ya chumvichumvi, ambayo hula chuma.

Unapoitoa tena, tumia mafuta mapya na uyatazame mabomba ya mpira kwenye tangi, maana hukauka na kupasuka. Kama unakwenda kukata miti ya msituni, pitia kwanza ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) au halmashauri kuhusu kibali cha kuvuna, na uulize hapohapo kama msumeno wako unatakiwa kusajiliwa. Siku ya kwanza kata miti midogo kwa nusu saa, simama, kaza cheni, fungua kava na uhakikishe tundu la oili bado liko wazi.